Mwalimu Mkuu Aliyempa Mzee Dawati

Wengi wenu mmelisikia jina la Kimani Ng'ang'a Maruge. Ndiye yule mzee wa Kenya aliyeingia darasa la kwanza mwezi Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84, akavaa kaptula na soksi ndefu, akabeba mkoba wa vitabu, akaketi na watoto wa rika la vitukuu vyake. Kila anayesimulia habari zake humsifu mzee, na mzee anastahili. Lakini mimi leo nataka tumtazame mtu mwingine aliyesimama mlangoni siku ile, mtu ambaye wasimulizi humpita mbio mbio: mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, Bi Jane Obinchu. Mzee angeweza kubisha hodi mpaka jua litue. Wa kusema karibu hakuwa yeye.

Ili mwone uzito wa neno hilo karibu, turudi nyuma mwaka mmoja.

Desemba 2002 Wakenya walipiga kura, na tarehe 30 ya mwezi huo Mwai Kibaki akaapishwa kuwa Rais. Muungano wake, NARC, ulikuwa umeahidi elimu ya msingi bila karo. Shule zilikuwa zinafunguliwa mapema Januari. Hesabuni wenyewe zilibaki siku ngapi. Walimu wakuu kote nchini walikuwa likizoni, wengine mashambani kwao wanapalilia mahindi, wakasikia redioni kwamba wakirudi kazini wafungue milango na wasimrudishe mtoto nyumbani kwa kukosa karo.

Asubuhi ya kufungua shule wazazi walifurika. Mama amemshika mmoja mkono na mwingine yuko mgongoni. Shangazi kaleta watoto wa marehemu dada yake. Wamo na vijana wa miaka 14 na 15, wameanza kuota ndevu, hawajawahi kushika kalamu, nao wanataka darasa la kwanza kwa sababu hakuna darasa jingine wanaloliweza. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2. Walimu hawakuongezeka kwa kiasi hicho, wala vyumba, wala vyoo. Darasa lililozoea watoto 40 likapokea 80, 100 na zaidi. Waliokosa madawati waliketi sakafuni, na penye mti mkubwa kivuli kikawa chumba.

Na kazi ya mwalimu mkuu yenyewe iligeuka. Jana alikuwa mtu wa kudai karo na kuwafukuza watoto wa wasiolipa. Leo serikali inaleta shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, nazo zinaingia katika akaunti mbili za benki. Akaunti ya kwanza, ya vitabu na vifaa vya kujifunzia, ilipewa shilingi 650 kwa mtoto, na jina lake lilifupishwa likawa SIMBA. Ya pili, yenye shilingi 370, ilikuwa ya kukarabati majengo, kulipa maji na mambo mengine madogo madogo yasiyoisha. Mtu aliyesomea kufundisha kusoma na kuandika akajikuta mhasibu, mnunuzi na mtunza stoo. Anakaa na kamati ya shule usiku wanalinganisha bei za vitabu. Wazazi nao, waliposikia neno bure, baadhi yao walifunga mifuko kabisa. Ule mchango mdogo wa kumlipa mlinzi wa usiku ukakauka.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu watu wazima wanaposema mabadiliko shuleni, hulisema kama neno tamu la hotuba. Kwa mwalimu mkuu, mabadiliko ni msongamano mlangoni saa moja asubuhi.

Sasa, katikati ya hekaheka hiyo, mwaka wa pili wake, ndipo Maruge akatokea.

Mzee huyu alikuwa amepigana vita vya Mau Mau. Alikuwa mkulima, mjane, na wajukuu zake wawili walikuwa wakisoma shule hiyo hiyo, wamemtangulia madarasa. Shuleni hakuwahi kwenda. Alisikia kwamba elimu ya msingi ni bure, naye akaona bure ni bure. Alikuwa na sababu zake: alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, kwa kuwa alishuku kwamba wahubiri hawaisomi ilivyoandikwa, na alitaka kujua hesabu ili asipunjwe fedha zake. Mimi sababu ya kwanza huwa inanichekesha kila nikiikumbuka. Hapo palikuwa na mtu mwenye akili ya mwanafunzi kabla hajawa na daftari.

Bi Obinchu hakumpokea kwa vigelegele. Aliwaeleza waandishi wa habari baadaye kwamba mwanzoni alidhani ni mzaha, na kwamba mzee angechoka aache. Mzee akarudi, na safari hii amevaa sare. Jina lake likaandikwa.

Ngojeni hapo kidogo. Mnajua filamu iliyotengenezwa kuhusu kisa hiki mwaka 2010, ambapo Oliver Litondo ni Maruge na Naomie Harris ni mwalimu? Filamu ina chumvi yake, kama filamu zote, nami sitaisimulia kana kwamba kila kilichomo kilitokea. Ninachotaka mfikirie ni mambo ya kawaida kabisa ambayo mwalimu mkuu yeyote angekutana nayo. Dawati moja akipewa mzee, ni dawati moja pungufu kwa watoto, na watoto wanaketi sakafuni. Anayeuliza kwa nini nafasi ya mtoto wa miaka 6 apewe mtu wa miaka 84 si mjinga wala hana roho mbaya, amepiga hesabu. Halafu kuna mwalimu wa darasa, kijana pengine: atamwambiaje mzee huyu kwamba amechelewa? Kiboko kilikuwa kimepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001, kwa hiyo angalau tatizo hilo moja halikuwepo, japo sote tunajua marufuku na ukweli havikai nyumba moja kila siku. Kipindi cha michezo je? Na kisomo cha ngumbaru kipo nchini, kimewekwa kwa ajili ya watu wazima. Kwa nini asiende huko?

Mwalimu mkuu angeweza kuchagua jibu lolote kati ya hayo, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alibadilisha mawazo. Mtu aliyedhani ni mzaha Jumatatu, akakubali baadaye kwamba si mzaha. Hilo ndilo lililonifanya nikae niwasimulie.

Na ili tuelewe kwa nini kubadilisha mawazo namna hiyo kuna uzito, tuvuke bahari twende Marekani, tutarudi.

Carol Dweck alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita huko Brooklyn, New York, na baadaye akawa mwanasaikolojia mashuhuri. Katika kitabu chake cha mwaka 2006 anaeleza kwamba mwalimu wake aliwapanga wanafunzi kwenye viti kwa kufuata alama za jaribio la akili. Mwenye alama nyingi kiti cha kwanza, anayemfuata cha pili, mpaka mkiani. Kubeba bendera, kukung'uta vifutio vya ubao, kupeleka barua ofisini kwa mwalimu mkuu, hizo kazi za heshima zilikuwa za wenye alama za juu. Chumba kizima kilijua nani ni nani kwa kutazama tu alipoketi. Watoto wakawa na lengo moja: kuonekana werevu, na kuepuka chochote ambacho kingewaumbua. Msicheke. Wangapi kati yenu shuleni kwenu mnajua nani anashika namba moja na nani anashika mkia, na karatasi imebandikwa ukutani?

Dweck alipokua alitaka kujua mambo hayo yanamfanya nini mtoto. Mwaka 1998 yeye na mwenzake Claudia Mueller walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Sikilizeni, maana ni rahisi mno. Kila mtoto alipewa mafumbo ya michoro ambayo aliyamudu. Kisha akasifiwa kwa sentensi moja. Kundi la kwanza waliambiwa kwamba bila shaka wao ni werevu. Kundi la pili waliambiwa kwamba bila shaka wamejitahidi sana. Basi, sentensi moja tu. Baada ya hapo wakaulizwa wanataka kazi ya namna gani: ile itakayowaonyesha kuwa hodari, au ile watakayojifunza mengi hata wakikosea. Katika waliosifiwa kwa kujitahidi, takriban 9 kati ya 10 walichagua kujifunza. Waliosifiwa kwa werevu, theluthi mbili hivi walichagua kuonekana hodari.

Halafu wote wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda. Halafu tena mepesi, ya kiwango kile cha mwanzo. Waliosifiwa kwa werevu walifanya vibaya kuliko walivyoanza. Waliosifiwa kwa juhudi walifanya vizuri zaidi. Na kuna jambo la mwisho ambalo mimi ndilo lililonikaa: walipoombwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine alama walizopata, karibu 4 kati ya 10 ya wale walioitwa werevu waliongeza alama. Walidanganya watu wasiowajua na ambao hawangewaona kamwe. Mtoto akishaambiwa kwamba uwerevu ndio yeye, kosa moja linamvua nguo.

Kwa namna mbili za kuifikiria akili, Dweck alitoa majina mawili. Sisi tunaweza kusema fikra mgando, yaani kuamini kwamba akili ya mtu imeshapimwa, ikafungwa, na haiongezeki. Na fikra za kukua, yaani kuamini kwamba uwezo huongezeka kwa juhudi, kwa mbinu nzuri na kwa msaada wa wanaojua. Mengi yamesemwa tangu hapo, na mengine ni porojo. Kuna shule zilizobandika mabango ya kwamba kila mtu anaweza, zikaendelea na mambo yao ya zamani. Dweck mwenyewe amelalamika kuhusu walimu wanaosifu juhudi kama pipi, bila kumwonyesha mtoto njia ya kufanya vizuri zaidi.

Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti mkubwa uliohusisha zaidi ya wanafunzi 12,000 wa mwaka wa kwanza wa sekondari katika shule za umma za Marekani. Walipewa somo fupi kwenye kompyuta, chini ya saa moja, kuhusu ubongo unavyoweza kuimarika kwa kujifunza. Alama za waliokuwa nyuma kimasomo zilipanda. Zilipanda kidogo, tusidanganyane. Sehemu ya kumi ya alama hivi katika kipimo kinachoishia alama 4 na ushei. Lakini kilichonivutia ni kwamba faida ilionekana zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe walikuwa na desturi ya kupenda kazi ngumu. Mahali ambapo kuchagua swali gumu ni kujitafutia kuchekwa, somo lile halikufua dafu. Kumwambia mtoto unaweza, katika shule inayomzomea akikosea, ni kumpa mtu nauli ilhali barabara imekatika.

Hapo ndipo kiongozi wa shule anapoingia. Anayeamua kama kukosea ni aibu ni nani? Kwa kiasi kikubwa ni mwalimu mkuu, na haamui kwa hotuba ya paredi ya Jumatatu. Anaamua kwa mambo ambayo nyinyi wanafunzi huwa hamyaangalii: nani ameketi wapi, mtihani unarudishwa ukiwa na maelezo au ukiwa na namba nyekundu peke yake, aliyeshindwa anapewa nafasi ya pili au hapewi, mwalimu mgeni anaruhusiwa kujaribu njia mpya au anaambiwa hapa kwetu hatufanyi hivyo. Anaamua pia namna anavyowatendea walimu wake. Mwalimu anayegombezwa mbele ya darasa kwa kuwa somo lake halikwenda vizuri, atawafundisha watoto kuogopa, hata kama ukutani pamebandikwa bango la maneno mazuri.

Turudi Eldoret basi. Maruge hakuchoka. Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa kiranja mkuu wa shule. Fikirini jambo hilo: shule iliyokuwa ikijiuliza huyu anatafuta nini hapa, mwaka uliofuata imemfanya mfano wa wengine. Mwezi Septemba mwaka huo alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York wakati wa mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa, akazungumza juu ya umuhimu wa elimu ya msingi ya bure. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtambua kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuanza shule ya msingi.

Kisha yakaja machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na Eldoret ni miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Mzee alipoteza mali yake, akaishi kwenye kambi ya waliokimbia makwao, kilomita 4 hivi kutoka shuleni. Akaendelea kwenda shule kila siku kutoka huko. Katikati ya 2008 akahamia Nairobi, katika makao ya wazee, na mwezi Juni akaandikishwa darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, eneo la Kariobangi. Oneni: mwalimu mkuu mwingine naye alimkuta mzee mlangoni, naye akamwandika. Huyo hakutengenezewa filamu. Kwa maoni yangu uamuzi wake una thamani ile ile, na pengine ulikuwa rahisi zaidi kwa sababu tu mwenzake wa Eldoret alitangulia. Hivyo ndivyo mabadiliko yanavyoenea, na ndiyo maana wa kwanza hulipa gharama kubwa.

Maruge alifariki tarehe 14 Agosti 2009 kwa saratani ya tumbo, kabla hajamaliza shule ya msingi. Hakufanya mtihani wa darasa la nane. Wapo watakaosema basi alipoteza muda, na watu hao mimi sina la kuwaambia.

Msidhani mambo haya yaliisha na mzee huyo. Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Tangazo lilitolewa Dodoma, lakini kazi iliangukia wakuu wa shule vijijini na mijini. Msichana amerudi, ana mtoto nyumbani, wenzake wa zamani wamemtangulia kidato. Nani atawaeleza wanafunzi wasimnong'one? Akichelewa kwa sababu mtoto aliumwa usiku, atafungiwa geti? Waraka wa wizara haujibu hayo yote. Januari 2023 Kenya ilianzisha sekondari ya chini, na Gredi ya 7 ikabaki katika shule zile zile za msingi. Baadhi yenu ndio mliokuwa wa kwanza. Mwalimu mkuu aliyezoea watoto wa msingi akaletewa wanafunzi wanaotakiwa kufundishwa sayansi kwa majaribio, mahali pasipo na maabara. Wapo waliokaa wakalalamika mwaka mzima, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Wapo walioomba kutumia maabara ya sekondari ya jirani siku za alasiri, huku nao wakilalamika. Ukiniuliza ni nani mwenye fikra za kukua, nitakuonyesha hao wa pili, na nitakuomba usiwanyang'anye haki ya kulalamika.

Muhula ujao mkipata nafasi, muulizeni mwalimu mkuu wenu ni jambo gani alilolibadilisha shuleni baada ya kugundua kwamba alikuwa amelifikiria vibaya. Akiwa na jibu, msikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu si kila mtu mzima anayeweza kulitoa. Akisema hajawahi kukosea, mshukuruni, kisha muulizeni tena muhula unaofuata, kwa adabu.